Mizani inasoma sifuri vizuri tu lakini baruti haiko sawa: jinsi ya kutafuta tatizo liko wapi

Wakuu, hii nimeandika kwa ajili ya mtu anayejaza risasi zake mwenyewe za bunduki ndefu na amefika pale ambapo namba za mizani hazimwingii akilini, saa hii inasema hivi baada ya dakika kumi inasema vile, na hajui alaumu mizani, baruti au mkono wake. Kitu kimoja nakiweka mbele kabisa maana ndo kimenitesa muda mrefu: mizani kurudi kwenye sifuri sio ushahidi kwamba inapima sawa. Sifuri inakwambia tu kwamba mizani inadhani haijabeba kitu, basi. Kinachokwambia ukweli ni jiwe la mizani ambalo uzito wake unaujua, na liwe karibu na uzito wa baruti unayopima, sio lile jiwe kubwa la kusetia lililokuja kwenye boksi.

Kabla ya dalili zenyewe tuwekane sawa kwenye vipimo. Baruti inapimwa kwa greini, greini 7000 ni pauni 1, na gramu 1 ni greini 15.43. Kwa hiyo greini 0.1, ambayo ndo hatua ndogo kabisa kwenye mizani nyingi za kujazia risasi, ni kama miligramu 6.5, punje chache tu za baruti ya vijiti. Kwenye risasi ya ukubwa wa .308 Winchester hiyo 0.1 inabadilisha mwendo kwa takriban mita 1.5 kwa sekunde, ambayo wengi wetu hata hatuwezi kuiona kwenye karatasi ya shabaha. Nasema hivi sio ili uzembee, nasema ili ujue adui yako ni nani: sio ile 0.1, ni kosa la 0.5, la 1, la 5, linaloingia kimya kimya wakati wewe unahangaika na punje moja. Ukiwa karibu na kiwango cha juu cha jedwali la mtengenezaji wa baruti kosa la aina hiyo linapandisha presha hadi sehemu ambayo hutaki uso wako uwe karibu nayo. Ndo maana kila ukibadilisha kitu, iwe kopo jipya la baruti, fataki (kile kiwashio kidogo kwenye kitako cha ganda) au kichwa cha risasi, unashuka tena hadi kiwango cha kuanzia kilichoandikwa kwenye jedwali unapanda taratibu.

Namba inatembea yenyewe

Hii ndo dalili naulizwa zaidi. Umeweka kisahani kitupu cha kupimia baruti, umebonyeza sifuri, unageuka kuchukua ganda la risasi, ukirudi inasoma 0.1, alafu 0.2, alafu inarudi. Au inaenda upande mmoja tu pole pole bila kurudi. Hizi ni dalili mbili tofauti na watu wanazichanganya.

Ikienda upande mmoja tu bila kurudi, mara nyingi ni joto. Ndani ya mizani za kawaida za digitali kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana ukiweka mzigo, na juu yake kumegandishwa nyuzi nyembamba ambazo ukinzani wake wa umeme unabadilika chuma kikipinda, sasa chuma na nyuzi hizo zote zinasikia joto. Mizani uliyoiwasha sasa hivi bado inapata moto ndani, kwa hiyo iwashe nusu saa kabla, hata saa nzima kama chumba ni baridi, alafu ndo uisetie na jiwe. Ukiitoa chumba kimoja ukaipeleka kingine iache itulie kwanza. Jua likipiga mezani kupitia dirishani usifanyie kazi hapo, na taa ya meza ile inayotoa joto isogeze mbali. Betri nayo iangalie, ikianza kuchoka mizani zingine hazisemi kitu zinaanza tu kuhama, mimi natumia adapta yake na betri nimezitoa kabisa.

Ikiwa inacheza huku na huku, hapo fikiria upepo. Feni, mlango wazi, kiyoyozi, hata pumzi yako. Fanya hili jaribio, zima kila kitu kinachopuliza, funika mizani na boksi la plastiki au la kioo, angalia namba kwa dakika tano. Ikitulia umeshapata jibu. Isipotulia sogeza simu mbali, maana simu ikiwa inatafuta mtandao karibu na mizani inaweza kuisumbua, na zile taa za mrija pia, na chomoa chaja zilizo kwenye soketi ile ile. Alafu meza: ukiweka mizani kwenye meza ile ile uliyofungia mashine ya kubania risasi, kila ukivuta mpini meza inayumba na mizani inayumba nayo. Weka mizani kwenye meza yake peke yake au kwenye shelfu iliyofungwa ukutani.

Sasa niwaonyeshe njia ninayoitumia mimi kukamata mizani inayohama, ni rahisi na haina gharama. Kisahani changu kina uzito wa greini 151.4. Nikiweka sifuri kikiwa juu ya mizani, nikikinyanyua kioo kinaandika -151.4. Hiyo namba nimeiandika kwenye kipande cha karatasi nimebandika mbele ya macho yangu, na kila ninaponyanyua kisahani kumwaga baruti kwenye ganda macho yanapita hapo, haichukui hata sekunde. Siku moja niko kwenye ganda la thelathini na kitu, nanyanyua kisahani, kioo kinasema -151.9. Fikiria hapo maana yake nini: mizani imeshuka 0.5, yaani kila inachoonyesha ni pungufu ya ukweli kwa 0.5, kwa hiyo mimi nikijaza hadi ikasome uzito wangu, kwenye ganda kumeingia 0.5 ya ziada. Ni ile njia mbaya, ya kuzidisha. Ingekuwa -150.9 ningekuwa napunguza. Kwa kuwa sikuwa na uhakika ilianza kuhama lini, maganda yote tangu jiwe la mwisho nililopimisha niliyarudisha kwenye kisahani nikapima upya moja moja. Tangu siku hiyo kila ganda la kumi jiwe linapanda juu ya mizani, hata kama nina haraka.

Inatulia vizuri ila ukipima kitu kile kile inatoa namba tofauti

Chukua kichwa kimoja cha risasi, kiweke, soma, kitoe, kiweke tena, mara kumi. Ukipata tofauti ya zaidi ya hatua moja ya mwisho kuna kitu kinagusa au kisahani hakikai pale pale. Nyanyua sahani ya mizani uangalie chini yake, punje moja ya baruti ikijibana kati ya sahani na bodi inatosha kuharibu kila kitu, nimeshaitoa kwa brashi laini mara nyingi tu. Usipulize kwa mdomo, unasukumia ndani. Weka kisahani katikati kila mara, pembeni kwenye mizani za bei ya chini hakusomi sawa na katikati. Na kile kipimamaji kidogo cha fundi, kiweke juu ya meza, miguu ya mizani irekebishwe hadi povu likae kati, maana mizani iliyoinama haipati uzito wote.

Kama yote hayo safi na bado, umeme tuli. Hewa ikiwa kavu, kisahani cha plastiki, umevaa sweta, umesugua sugua, hapo kisahani kinavutwa au kusukumwa na vitu vilivyo karibu na mizani inasoma nguvu hiyo kama uzito. Utajua ni yenyewe ukisogeza mkono karibu na kisahani bila kugusa na namba ikabadilika, au ukiona punje zinaruka zinaganda kwenye faneli. Dawa yake ni kisahani cha chuma, kugusa chuma kilichoungwa na ardhi kabla ya kukaa, kufuta kisahani na faneli na kile kitambaa cha kuzuia umeme tuli kinachowekwa kwenye mashine ya kukaushia nguo, na kuongeza unyevu kidogo chumbani.

Unadondosha punje namba haisogei, alafu inaruka

Hii wengi wanadhani mizani imekufa. Haijafa. Mizani nyingi zimewekewa programu ya kupuuza mabadiliko madogo ya pole pole ili kioo kisicheze cheze, kwa hiyo ukidondosha punje moja, ukasubiri, ukadondosha nyingine, inachukulia hayo ni yale yale ya joto na upepo, inayafuta. Matokeo yake unaongeza, unaongeza, kioo kimeganda, na kwenye kisahani kuna zaidi ya unachoona. Dawa ni kunyanyua kisahani kikiwa na baruti yake ukakirudisha, mizani inalazimika kupima upya. Mimi ndo kipimo changu cha mwisho kwa kila ganda, siamini namba iliyopatikana kwa kudondoshea tu. Ukichoka na hilo tatizo basi ni mizani ya aina nyingine, ile ya kusawazisha kwa nguvu ya sumaku, hiyo inaona punje moja na hapo hapo inasoma, lakini bei yake sio ya mchezo.

Kila kitu kinarudia vizuri ila ukweli haupo

Hii ndo hatari kuliko zote maana haina dalili usoni. Mizani imetulia, inarudi sifuri, inarudia ile ile mara kumi, na mara zote kumi inadanganya.

Cha kwanza kabisa angalia kipimo kilichoandikwa kwenye kioo. Mizani zina kitufe cha kubadilisha na kidole kinakigusa bila kujua. Greini mara nyingi huandikwa gn, gramu ni g, na hapo kati kuna karati ambayo huandikwa ct, karati 1 ni gramu 0.2 yaani greini 3.09. Ukisoma gramu ukidhani ni greini umeweka mara kumi na tano, bahati nzuri hiyo haitaingia hata kwenye ganda la bunduki ndefu kwa uzito wa kawaida, lakini karati mara tatu kwenye ganda kubwa na uzito mdogo inaweza ikaingia. Kwa hiyo kabla ya ganda la kwanza soma herufi, sio namba.

Cha pili ni namna ulivyoisetia. Uliisetia kabla haijapata joto? Kisahani kilikuwa juu wakati inataka iwe tupu? Ulitumia jiwe la mizani nyingine? Rudia upya taratibu. Alafu ndo unapimisha kwa mawe karibu na uzito wako: jiwe la gramu 2 linatakiwa lisome 30.9, la gramu 1 lisome 15.4, yote mawili pamoja 46.3. Mawe ya mizani yana madaraja ya usahihi, na ya daraja la M1 yanatosha kabisa kwa mizani ya 0.1, jiwe la gramu 2 la daraja hilo linaruhusiwa kukosea miligramu 1.2 ambayo ni kama greini 0.02. Ukiwa na mizani ya kusoma 0.02 hapo tafuta daraja la F1 ambalo ni sahihi zaidi, kosa lake ni miligramu 0.12. Shika kwa kibano, jasho na mafuta ya vidole vina uzito na vinakula chuma.

Ikisoma sawa kwenye gramu 1 na ikakosea kwenye 3, au ikisoma sawa kwenye jiwe kubwa la kusetia na ikakosea chini, kile chuma cha ndani kimeumia, pengine iliangushwa au mtu aliweka kitu kizito. Hiyo haitengenezeki mezani. Nilishawahi kuirudisha moja dukani wakanijibu mbona inarudi sifuri vizuri, na hapo ndo niliona kwamba hata wauzaji wanaamini sifuri.

Kama huna mawe kwa sasa chukua kichwa kimoja cha risasi kipya, kipime siku ambayo mizani umeiamini, andika uzito, kiweke kwenye kiboksi chake kisiguswe. Hakitakwambia ukweli lakini kitakwambia kama mizani ya leo ni ile ile ya siku ile.

Mizani ya mkono imekuwa nzito

Kwa wanaotumia mizani ya zamani isiyo na umeme, ile yenye mkono wa chuma unaosawazisha kisahani na viuzito, mimi bado naipenda sana maana haina betri wala programu ya kuficha kitu. Ikiwa nzito, yaani unaongeza punje mkono hausogei alafu unashuka kwa mkupuo, angalia makali yanayobeba mkono na vile vijiwe yanamokalia. Vumbi, nywele, mafuta. Usitie mafuta kabisa, mafuta yanakamata vumbi, safisha kwa spiriti na kijiti cha pamba iwe kavu. Alafu kile kibati cha shaba kinachopita kati ya sumaku ili mkono usiyumbe sana: sumaku zinakusanya chembe za chuma, chembe moja ikigusa kibati mizani inaganda. Zitoe kwa kipande cha karatasi ya gundi, ile ya kubandikia.

Usomaji nao. Ukiangalia mshale kutoka juu unapata namba moja, ukiangalia kwa chini unapata nyingine, kwa hiyo inua mizani hadi mstari uwe sawa na jicho lako. Na kosa baya zaidi la mizani hii ni kile kiuzito kikubwa kinachoteleza kwenye meno: kimekaa jino moja pembeni, umekosea greini 5 au 10 nzima, mizani inatulia vizuri kabisa na wala hailalamiki. Jiwe lako linalijua hilo, wewe peke yako hutaliona.

Kimwagio kinamwaga tofauti tofauti

Kimwagio ni kile cha tangi na mpini, hakipimi uzito kinapima ujazo, kwa hiyo baruti ikikaa tofauti ndani ya kikombe chake uzito unabadilika. Baruti ya punje za mviringo inatiririka kama mchanga, inamwagika karibu sawa kila mara. Ya vijiti virefu ndo ngumu, vijiti vinalaliana, vinajenga daraja juu ya kikombe, ukivuta mpini unasikia krak, umekata vijiti. Ukisikia hiyo krak mwaga irudie, na ganda linalofuata lipime maana daraja likivunjika linashuka kwa wingi. Kwa baruti ya namna hiyo mimi namwaga chini kidogo ya uzito ninaotaka alafu namalizia na kidondoshi, kile kifaa cha kudondosha punje chache chache, juu ya mizani, wala sioni aibu kwamba inachukua muda.

Kama ni baruti inayotiririka vizuri na bado inatofautiana, angalia tangi limebaki kiasi gani, likishuka sana uzito wa juu unapungua na baruti inakaa legevu, ongeza mapema na weka kile kibati kinachokaa ndani ya tangi kubeba uzito wa baruti ya juu. Alafu mkono wako: vuta mwendo ule ule, gonga vile vile, juu na chini. Mara kumi za kwanza rudisha kwenye tangi zisihesabike. Na kaza skrubu ya kupangia, inalegea.

Mashine za umeme zinazomwaga na kupima zenyewe zikizidisha mara kwa mara, ni punje zinazoning'inia mwisho wa mrija zinaanguka baada ya mota kusimama. Kipande kifupi cha mrija wa kunywea soda ndani ya mdomo wake kinapunguza hilo, na kuiambia imalizie taratibu zaidi.

Risasi zilizoshabanwa na sasa una wasiwasi

Hapa ndo watu wanaharibu. Wanachukua risasi nzima wanaweka kwenye mizani wanatafuta ile iliyozidi. Haiwezekani kwa kosa dogo: maganda yenyewe yanatofautiana greini kadhaa, vichwa navyo vinatofautiana, kwa hiyo 0.5 ya baruti inapotea humo ndani kabisa. Hiyo mbinu labda ikuonyeshe ganda lisilo na baruti kabisa, na hata hilo usiliamini.

Kabla ya kubana kichwa piga tochi ndani ya maganda yote kwenye ubao wake, kimo cha baruti kiwe sawa, lililojaa zaidi au tupu linaonekana. Lakini kama umeshabana na mizani umekuta imehama, zitenge zote za kipindi hicho, ng'oa vichwa kwa ile nyundo ya kung'olea, moja moja, miwani machoni, mbali na moto, na usigonge kwenye kitu kinachoweza kugusa fataki. Baruti ya kila moja ipime kwenye mizani ambayo jiwe limeshaithibitisha na uandike. Utaona wapi ilianza kuhama, namba zinapanda ngazi kwa ngazi. Kama mezani kulikuwa na kopo moja tu la baruti, na ndivyo inavyotakiwa kila siku, unaweza kuitumia tena hiyo baruti kwa maganda yale yale. Kama kulikuwa na makopo mawili na huna uhakika ipi ni ipi, usirudishe kwenye kopo lolote.